Kusafirisha gari la kumbukumbu bila kuliumiza, wala kujiumiza

MWAKA jana tulisafirisha Peugeot 504 ya marehemu baba kutoka Nakuru hadi Nairobi kwa trela ya wazi. Mama alisisitiza ifunikwe kwa turubai isipigwe na vumbi. Tulipofika, tulikuta upepo umelipigapiga turubai njia nzima, na mchanga ulionaswa chini yake umekwaruza rangi kama msasa. Mama alipitisha kiganja kwenye mlango wa dereva, akanyamaza.

Familia nyingi zina gari la aina hiyo. Magari ya 504 yalishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, lakini kwetu thamani yake ni baba aliyekuwa akilifua kila Jumapili. Siku linapohitaji kusafirishwa, zingatia haya.

Turubai lililolegea liache nyumbani. Funga vioo, shusha antena, hakikisha boneti na buti zimejifunga. Adui mkubwa ni kokoto zinazorushwa na matairi ya nyuma ya gari linalovuta, kwa hivyo lifungie vizuia matope vipana.

Pili, uzito. Gari likikaa nyuma mno, trela huanza kuyumba na inaweza kupinduka. Lisogeze mbele hadi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo ilalie kiungo cha kuvutia. Ikiwa gari ni kilo 1,200 na trela kilo 600, hapo panapaswa kubeba kilo 180 hadi 270.

Tatu, tumia mikanda minne, mmoja kwa kila gurudumu. Mkanda uliofungwa kwenye bodi hulegea kila springi zinapobonyea. Vuta breki ya mkono, weka gia, kisha zuia magurudumu kwa vigingi. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo. Baada ya kilomita chache za kwanza, simama ukague na ukaze tena. Rudia kila mnapopumzika.

Nne, na hapa naongea kama mwandishi wa afya: linda miili. Wakati wa kupandisha, kaka yangu alisimama nyuma ya gari "kulisaidia" huku waya ukilivuta. Waya ungekatika, gari lingerudi juu yake. Asisimame mtu nyuma ya gari wala karibu na waya uliokazwa. Vaa glavu, weka vidole mbali na kiungo trela inapounganishwa, na usiinue trela kwa mgongo, tumia jeki. Watoto wakae mbali, na asipande mtu yeyote ndani ya gari lililo juu ya trela. Dereva apumzike kila baada ya saa mbili.

Ule mlango bado una mikwaruzo. Fundi amesema utapakwa rangi upya, na Mama amekubali. Kila nikiutazama, humkumbuka kaka alivyosimama pale nyuma, nami nashukuru kwamba ni rangi tu iliyoumia.