Lenzi Ipi Inafaa Macho ya Garissa?

Anayetaka kuacha miwani na kuvaa lenzi jichoni kwa kawaida huulizia kwanza bei na rangi. Garissa, aanze na vumbi na maji. Joto la mchana hapa hupita nyuzi 35 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hewa ni kavu.

Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata hewani. Lenzi ikiifunika, lazima ipitishe oksijeni. Lenzi laini za mwanzo, alizozitengeneza Otto Wichterle huko Chekoslovakia mwaka 1961, hupitisha oksijeni kwa maji yaliyomo ndani yake. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba penye ukavu inafaa lenzi yenye maji mengi. Sivyo. Hewa kavu huyafyonza maji hayo, nayo lenzi huyafidia kwa kufyonza machozi, na kufikia alasiri jicho linawasha na kukwaruza. Lenzi za silikoni haidrojeli hupitisha oksijeni kwa silikoni yenyewe, kwa hiyo zile zenye maji kidogo hustahimili zaidi hali yetu.

Kisha chagua za kutumia siku moja na kutupa. Ni ghali, nakubali. Lakini za mwezi mzima huhitaji dawa ya kusafishia na kihifadhio kisafi kila usiku, na hapo ndipo maji ya mfereji au ya mtungi huingilia. Katika maji huishi kiumbe kidogo sana kiitwacho akanthamiba, ambacho hata klorini haikimalizi. Kikijificha chini ya lenzi huila konea kwa maumivu makali. Unapotawadha, fumba macho barabara. Kabla ya kugusa lenzi, nawa kwa sabuni na ukaushe mikono. Wanja upakwe lenzi ikiwa imeshavaliwa. Kama mfuko hauruhusu za kila siku, miwani ni bora kuliko kuzivuta lenzi za mwezi hadi miezi mitatu.

Lenzi ngumu zina shida hapa: chembe ya mchanga ikipenya chini yake, mtu hulia. Hata hivyo, mwenye konea iliyochongoka sana anazihitaji, kwani miwani haimnyooshei taswira ipasavyo. Mtoto anayefikicha macho kila siku kwa mzio atibiwe kwanza, kabla ya kupewa lenzi yoyote.

Wala usinunue kwa namba ya miwani. Mpimaji hupima pia mviringo wa konea, na miwani ikizidi namba 4, namba ya lenzi hubadilika. Maharusi wanaonunua lenzi za rangi dukani bila kupimwa wanahatarisha macho yao vilevile.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, vua lenzi na uende hospitali siku hiyohiyo ukiwa nayo mkononi. Usitie dawa ya matone ya kukisia.