Mlango wafunguka, injini yagoma

Ndugu msikilizaji, wewe mwenye gari lililotoka Japani na ufunguo mmoja tu wa rimoti, leo nazungumza nawe.

Ndani ya ufunguo ule mna vitu viwili, ingawa wengi hudhani ni kimoja. Kuna rimoti ya milango, inayokula betri, mara nyingi ile bapa ya CR2032 ya volti 3. Ikidhoofika, pekua kasha kwa bisibisi nyembamba, badili. Hata rimoti mpya, baadhi ya magari hukubali uisajili mwenyewe kwa kuwasha na kuzima swichi na kufunga milango kwa mpangilio maalumu. Angalia masafa tu: za Japani nyingi ni megahezi 315, za Ulaya 433, nazo hazisikilizani.

Cha pili ni chipu isiyo na betri. Hupata umeme kutoka koili iliyozunguka swichi, ikajitambulisha kwa kompyuta ya gari. Isipotambuliwa, injini haiwaki, hata ufunguo uwe umechongwa kwa ustadi gani.

Sasa pesa. Ukiwa na ufunguo mzima, kuongeza wa pili ni kazi ndogo. Ukiupoteza, utamwita fundi mwenye mashine, na pengine kompyuta yenyewe itafunguliwa. Mimi nasema chongesha wa akiba wiki hii. Na fundi akichomeka mashine, usiende kunywa chai: anaweza kusajili ufunguo usioujua. Gari la kununua mkononi ndilo zaidi. Mwambie afute funguo zote, kisha asajili zile ulizoshika tu.