Istilahi za Kirusha-mawimbi Kidogo cha FM, na Tatizo la Neno “Masafa”

Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi zinazohitajika katika kazi ya kufunga kirusha-mawimbi kidogo cha FM, yaani kile chombo ambacho mwenye nyumba hukitumia ili muziki unaoongoza taa zake za mapambo usikike katika redio za magari yanayopita au kusimama mbele ya nyumba yake. Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni jambo dogo la sikukuu, lisilostahili kurasa za jarida la istilahi. Hata hivyo, ni katika chombo hiki kidogo ndipo tulipolikuta kosa ambalo limo pia katika vitabu vya shule na katika barua za ofisi.

Chanzo chake ni barua. Mwalimu mmoja wa Makandana, katika mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, alituletea kurasa mbili za maelezo alizozifasiri kwa ajili ya vijana wa jirani yake. Vijana hao walikuwa wamezitandika taa za vimulimuli ukutani na juu ya mti wa uani kwa ajili ya Krismasi, wakaziunganisha na kompyuta ili ziwake na kuzimika kwa kufuata mapigo ya nyimbo za kwaya. Vipaza sauti hawakuvitaka, kwa sababu ya majirani. Na isitoshe, Makandana ndipo ilipo hospitali ya wilaya. Basi wakanunua kirusha-mawimbi. Katika tafsiri ya mwalimu walisoma hivi: “Chagua masafa mafupi yasiyo na kituo, na uhakikishe kuwa masafa ya chombo hayapiti mita 50.”

Vijana walitii. Waliigeuza redio ya nyumbani hadi kwenye masafa mafupi, wakatafuta jioni nzima. Walisikia Kichina, Kiarabu na mikwaruzo mingi, lakini kwaya yao hawakuisikia, wala wasingeweza kuisikia, maana chombo walichokinunua hakijui kitu kingine ila FM. Maandishi ya asili yalikuwa yametaka namba ya chini katika mkanda wa FM, karibu na 88, na umbali wa usikivu usiozidi mita 50. Maneno mawili yaliyo mbalimbali kabisa katika lugha ya asili yameingia katika Kiswahili kwa mlango mmoja, na nyuma yao lipo la tatu.

Mwalimu hana lawama. Alilitumia neno alilolikuta. Neno “masafa” asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali kati ya mahali na mahali. Maana hiyo ingali hai: gazeti likiandika juu ya makombora ya masafa marefu, kila msomaji anaelewa kwamba yanakwenda mbali. Lilipokuja jambo la redio, watangazaji walihitaji kutaja aina za mawimbi kwa urefu wake, wakasema masafa marefu, masafa ya kati na masafa mafupi. Hapo masafa ni umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kilele kinachofuata. Wasikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam waliozisikia namba za mita kabla ya taarifa ya habari walizoea maana hiyo bila ya kuhitaji kufafanuliwa. Kisha ikaja FM, na hasa tangu vituo vya watu binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990, mtangazaji hasemi tena mita, anasema, “Tunakuletea matangazo haya katika masafa ya 98.5.” Hapo masafa si umbali wa namna yoyote. Ni hesabu ya mara ngapi wimbi linajirudia katika sekunde moja, na kipimo chake ni hezi. Megahezi moja ni mara milioni moja kwa sekunde.

Kwa hiyo neno moja linachukua mambo matatu: mwendo ambao matangazo yanafika, urefu wa wimbi moja, na wingi wa mirudio ya wimbi. Ingekuwa mambo hayo yanakwenda pamoja, madhara yangekuwa machache. Lakini mawili ya mwisho hupingana. Mawimbi yote ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde; kadiri yanavyojirudia mara nyingi zaidi, ndivyo kila moja linavyokuwa fupi zaidi. Mwalimu wa darasani anaweza kuifanya hesabu hii ubaoni: gawa 300 kwa idadi ya megahezi, na jibu ni urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 1, iliyo katika masafa ya kati, ina wimbi la mita 300. Megahezi 6, iliyo katika masafa mafupi, ina wimbi la mita 50. Megahezi 100, iliyo katikati ya FM, ina wimbi la mita 3 tu.

Tazama basi mkanganyiko wake. Wimbi la FM ni fupi kuliko lile la “masafa mafupi” kwa zaidi ya mara 16, na bado hakuna aitaye FM masafa mafupi. Isitoshe, masafa mafupi ndiyo yanayofika mbali kuliko yote, kwa kuwa hurudishwa chini na tabaka za juu za anga na kuvuka bahari, ilhali FM hufuata mstari wa macho na kuzuiwa na kilima. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini masafa mafupi yanafika mbali ameuliza swali la busara, na mara nyingi amejibiwa kwamba ndivyo yalivyo.

Je, jambo hili linamhusu nini mtumishi wa serikali? Linamhusu kwa sababu sheria imekwisha kuchagua. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia masafa, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayetumia masafa ya redio awe na idhini yake. Katika lugha ya sheria, masafa ni yale ya megahezi. Sasa mchukue mwananchi anayelijua neno hili kwa maana yake ya kwanza. Anaambiwa kwamba asitumie masafa bila kibali, naye anajibu kwa moyo safi kwamba chombo chake hakina masafa, kinaishia kwenye ua wa nyumba. Mwananchi huyo hasemi uongo. Yeye na karani wanazungumza lugha moja na hawaelewani, na katika mazungumzo hayo ni mmoja tu anayeweza kutozwa faini.

Wala tusidhani kwamba umbali mdogo ni wa hakika. Tukuyu iko juu, katika miteremko ya Mlima Rungwe, na upande wa kusini nchi inashuka kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa kwa zaidi ya mita 1,000. Chombo ambacho katika mji wa bondeni kingesikika nyumba tatu, kikiwekwa juu ya paa huko kinaweza kusikika mbali kwa namna ambayo mwenyewe hakuitazamia, na ng’ambo ya Mto Songwe ni Malawi, nchi yenye vituo vyake. Juu ya megahezi 108, mahali FM inapokoma, huanza mawimbi ya kuongozea ndege, na baada yake yale ya mazungumzo ya marubani. Kirusha-mawimbi kilichotengenezwa vibaya hakibaki katika namba kilichowekewa; hutupa mabaki yake huku na huku, hata huko. Uwanja wa ndege wa Songwe, ulioanza kazi mwaka 2012, hauko mbali sana na Tukuyu kwa kipimo cha mawimbi.

Historia ya vituo vidogo katika Afrika ya Mashariki nayo inaonyesha kwamba udogo wa nguvu haukiondoi chombo mbele ya macho ya dola. Mwaka 1982, huko Homa Bay kwenye ukingo wa Ziwa Victoria nchini Kenya, kilianzishwa kwa msaada wa UNESCO kituo kidogo cha FM kilichotangaza kwa Kijaluo, na gharama yake ilikuwa ndogo sana kwa kituo cha redio. Serikali ilikifunga mwaka 1984. Siku hizi redio za kijamii zimeenea, na Tukuyu yenyewe imepata redio yake, Chai FM. Lakini hizo zimepewa masafa yao kwa leseni, na kijana mwenye taa za Krismasi hana ruhusa ya kuzifunika.

Nageukia sasa mapendekezo, ambayo ni ya mwandishi wala si uamuzi wa Baraza. Neno “masafa” liachiwe ile maana ambayo sheria na watangazaji wameipa, yaani idadi ya mirudio, na sifa zake ziwe “ya juu” na “ya chini”. Umbali kutoka kilele hadi kilele uitwe “urefu wa wimbi”, na hapo ndipo “refu” na “fupi” zinapostahili kukaa. Mahali matangazo yanapofika paitwe “umbali wa usikivu”. Majina ya zamani, masafa marefu, ya kati na mafupi, hayawezi kufutwa, kwani yamekwisha kuwa majina ya mikanda, na jina halidaiwi mantiki. Yabaki hivyo yalivyo, ila mfasiri asiyatumie kamwe anapoeleza chombo cha FM. Wapo watakaosema kwamba katika somo la fizikia ni afadhali kusema “mirudio” moja kwa moja. Sina ugomvi nao, mradi mwanafunzi aambiwe siku ileile kwamba mirudio ya darasani ndiyo masafa ya redioni.

Chombo chenyewe nimekiita kirusha-mawimbi. Mafundi wengi husema “transmita”, nalo si neno baya. Lakini wananchi wamekwisha kusema kwamba redio “inarusha matangazo”, na ni jambo jema istilahi ikijengwa juu ya kitenzi ambacho watu wanakitumia. “Kisambaza-mawimbi” nacho nimekikuta. Nakiogopa kidogo kwa sababu kusambaza kunadokeza wingi na uenezi, na hapa tunataka kinyume chake.

Kuhusu herufi F na M zenyewe, ziachwe kama zilivyo. Kinachohitaji maneno ni kile zinachokieleza. Sauti ya mwanadamu haiwezi kusafiri yenyewe kama wimbi la redio. Hubebeshwa juu ya wimbi jingine. Napendekeza “kubebesha” kwa tendo hilo, na “wimbi-mbebaji” kwa lile linalobeba. Katika FM sauti hubebeshwa kwa kuyapandisha na kuyashusha masafa ya mbebaji kidogo kidogo, hadi kilohezi 75 kila upande, na kimo chake hakibadiliki. Katika masafa ya kati hubebeshwa kwa kubadili kimo. Ndiyo maana ngurumo za radi, ambazo huchezea kimo cha wimbi, huharibu masafa ya kati na kuisamehe FM. Watu wa Rungwe, ambao mvua ni jirani yao wa kila siku, wanaijua tofauti hiyo kwa masikio.

“Nguvu” itumike kwa kile kinachopimwa kwa wati, kwa kuwa fizikia imekwisha kuwa na “kani” na “nishati” kwa mambo mengine. Tuseme “nguvu ndogo”, si “nguvu dhaifu”, kwani chombo cha miliwati chache hakina udhaifu wowote. Kimefanywa hivyo makusudi. Hapa mfasiri aangalie jambo moja. Maandishi ya pakiti husema kwamba chombo kinaruhusiwa kutumika bila leseni. Kinaruhusiwa wapi? Marekani hupima uga wake kwa mikrovolti 250 kwa mita, kwa umbali wa mita 3. Uingereza iliviruhusu vyombo vya nanowati 50 mnamo mwaka 2006. Ruhusa ya nchi moja haisafiri pamoja na pakiti, na tafsiri iitaje nchi hiyo kwa jina.

Antena ni antena. “Eriali” ya wazee wetu imeanza kupotea. Urefu wake huwa robo ya urefu wa wimbi, yaani karibu sentimita 75 kwa megahezi 100, na hesabu hiyo haifanyiki kama mtu amechanganya masafa na urefu wa wimbi. Waya wa ardhini mafundi huuita “ethi”, nami naona tuufuate ulimi wao, hasa pale ambapo antena iko nje na radi ziko karibu.

Ile sehemu ya mwalimu sasa inasomeka hivi: “Kwanza pata idhini ya Mamlaka. Sikiliza mkanda wote wa FM mchana na tena usiku, kwa redio ya gari, ukatafute masafa ambayo hayana kituo, na ambayo majirani zake wa juu na wa chini pia ni watupu. Weka antena chini, karibu na barabara, si juu ya paa. Anza na nguvu ndogo kuliko zote, kisha tembea na redio ya mkononi hadi mahali sauti inapokwisha. Huo ndio umbali wako wa usikivu. Ukiwa umevuka ua wa jirani, punguza. Sauti ya kompyuta isizidishwe, maana ikibebeshwa kupita kiasi hukwaruza na kumwagikia masafa ya wengine.”

Limebaki neno moja. Yale mabaki ambayo chombo kibovu huyatupa nje ya masafa yake hayajapata jina la kuridhisha. Katika rasimu nimeandika “mawimbi ya ziada”, ingawa ziada katika Kiswahili mara nyingi ni heri. Mwalimu wa Makandana, katika barua yake ya pili, amependekeza “magugu”: kitu kisichopandwa, kinachoota katika shamba la mtu mwingine. Wafasiri na mafundi walio na neno jingine waliandikie jarida hili kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati.