Bojaxhiu: jina adimu lenye ndugu wengi

Tarehe 26 Agosti 1910, katika mji wa Skopje uliokuwa bado chini ya Dola ya Uthmaniya, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Anjezë Gonxhe Bojaxhiu. Dunia inamjua kwa jina alilolichukua baadaye utawani, Mama Teresa, na watu wengi wanaomtaja kila siku hawajawahi kulisikia jina la ukoo wake. Hata kwa Waalbania wenyewe si jina linalosikika kila kona. Ukitaja Hoxha mjini Tirana, watu kadhaa watageuka. Ukitaja Krasniqi mjini Prishtina, ni hivyo hivyo. Bojaxhiu ni jina la wachache, na uchache huo umezaa imani inayopendwa sana na watafuta asili: kwamba jina adimu ni kama muhuri wa ukoo wa kale, damu ya pekee, chimbuko lililofichika. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Uchache wa jina hautuambii lilikotoka. Unatuambia liliandikwaje, liliandikwa lini, na wenye nalo walikuwa na bahati gani ya kupata watoto wa kiume.

Tuanze na herufi zenyewe. Alfabeti ya Kilatini wanayoitumia Waalbania leo ilipata msingi wake kwenye mkutano wa Manastir wa Novemba 1908. Kabla ya hapo lugha yao iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Kigiriki na za Kilatini, kila mtu na utaratibu wa msikiti wake au kanisa lake. Katika alfabeti hiyo ya sasa, j husomwa kama y yetu na xh kama j yetu, kwa hiyo masikioni mwa Mswahili Bojaxhiu ni “Boyajiu”. Likate vipande vitatu. Boja ni rangi, kutoka Kituruki boya. (Boya letu linaloelea bandarini halina undugu nalo kabisa, maana hilo tulilipata kwa Wareno. Anayetafuta asili ya majina kwa kufuata mlio tu huzama hapo hapo.) Xhi ni kiambishi cha Kituruki cha kumtaja mwenye kazi, nasi kazi hiyo tunaifanya kwa m- ya mwanzo: shona, mshonaji. Bojaxhi basi ni mtia rangi, awe wa nguo au wa kuta. Inabaki u ya mwishoni, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya Kialbania. Lugha hiyo haina neno la kusimama mbele ya jina kulifanya kuwa “yule” anayejulikana. Huongeza sauti mwishoni. Prift ni padri, prifti ni yule padri. Bojaxhi ni mtia rangi, bojaxhiu ni yule mtia rangi.

Yule yupi? Kila mji wa Balkani wenye soko ulikuwa na wake. Ni mtu ambaye mikono yake ilikolea nili hadi kwenye viwiko, anayechovya mafungu ya sufu ndani ya pipa, akayanyanyua yakiwa na rangi ya kijani iliyofifia, kisha akasimama kuyatazama yakigeuka bluu yakipigwa na hewa. Watu hawakuhitaji kujua baba yake ni nani. Alitambulika kwa kucha zake. Na kwa kuwa lugha ya soko ilikuwa Kituruki, aliitwa kwa Kituruki, awe Mwalbania, Mgiriki, Mbulgaria au Muarmenia, awe Mwislamu au Mkristo. Ndiyo maana jina hilo hilo linaishi Uturuki likiitwa Boyacı, Bulgaria likiitwa Boyadzhiev, Ugiriki likiitwa Bogiatzis, na kwa Waarmenia likiitwa Boyajian. Kila taifa limelivalisha mkia wake. Ukiwahesabu watu walioandikwa Bojaxhiu pekee utapata kundi dogo. Ukiwahesabu walioitwa kwa kazi ile ile, kwa neno lile lile, unahesabu watu kutoka Sofia hadi Yerevan. Basi kilicho adimu ni tahajia, na neno lenyewe limetapakaa.

Kwa nini basi Hoxha ni wengi mno na Bojaxhiu ni wachache, ilhali majina yote mawili yaliingia kwa mlango wa Kituruki? Jibu liko kwenye mgawanyo wa kazi. Hoxha ni mwalimu wa dini, mwenye msikiti na chuo, na karibu kila kijiji cha Waislamu kilihitaji mmoja. Kila mmoja aliacha watoto walioitwa “wa hoxha”. Watia rangi walikuwa wa mjini tu, wachache katika kila soko, na wenye mapipa walijuana. Hali ni hiyo kwa Kazanxhiu, mfua masufuria ya shaba, na Demirxhiu, mhunzi. Terziu, mshonaji, ametokana na neno la Kiajemi ambalo sisi tumebaki nalo katika kudarizi. Hoxha nalo ni Kiajemi kwa asili, khwaja, na ndilo lililowapa jina Makhoja wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba Khoja wa Darajani na Hoxha wa Gjirokastër ni watu wa ukoo mmoja kwa sababu hiyo. Mwaka 1889, Mjerumani Hermann von Wissmann alipowaleta askari Wasudani kutoka Misri kupigana na Abushiri pwani yetu, walikuja na vyeo vya jeshi la Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Hilo la mwisho ndilo afande tunalolipigia saluti hadi leo, na shaushi huko Albania ni jina la ukoo, Çaushi. Maneno husafiri na majeshi, makarani na wachuuzi, wala hayabebi damu.

Hata ndani ya nyumba moja jina la kazi halidumu kuwa kweli. Enver Hoxha, aliyeitawala Albania tangu 1944 hadi kifo chake 1985, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa. Mwaka 1967 serikali yake ilifunga misikiti na makanisa yote na baadaye ikajitangaza kuwa dola ya kwanza duniani isiyo na Mungu. Waziri mkuu wake kwa miaka mingi alikuwa Mehmet Shehu. Kwa tafsiri ya moja kwa moja, nchi iliyopiga marufuku dini iliongozwa na Bwana Mwalimu-wa-Chuo akisaidiwa na Bwana Shehe. Nikollë Bojaxhiu naye, baba yake Mama Teresa, alikuwa mfanyabiashara, na alikuwa Mkatoliki mwenye jina la Kituruki.

Kosovo mambo yanaonekana kuwa kinyume, na hapa ndipo wanaotetea damu hupata nguvu. Huko majina yanayoongoza kwa wingi ni Krasniqi, Gashi na Berisha, na yote ni majina ya fis, koo kubwa za milimani. Sheria ya jadi ya nyanda za juu, Kanuni ya Lekë Dukagjini, ambayo padri Shtjefën Gjeçovi aliikusanya na ikachapishwa kama kitabu mwaka 1933, miaka minne baada ya yeye kuuawa, inautazama ukoo wa baba kama mti wa damu na upande wa mama kama mti wa maziwa. Aliye kwenye mti wa damu anarithi na analipiza kisasi, wakati wa mti wa maziwa ni jamaa tu. Penye desturi kama hiyo ni haki kutegemea kwamba jina la ukoo linasema jambo zito. Nakubali. Lakini tazama majina yaliyobeba uzito huo: ni yale ya wengi, wala si yale adimu. Familia zilizoshuka kutoka milimani zilipotakiwa kuandikisha jina, nyingi zilitaja fis, hata zile ambazo mababu zao walikuwa wa tumbo tofauti ndani yake. Jina la ukoo mkubwa likameza majina ya matumbo madogo.

Na madaftari hayakuwa ya kale kama tunavyodhani. Mfano wake haupo mbali, upo ikulu. Ahmet Zogolli alizaliwa 1895 katika familia ya wakuu wa Mat. Zog ni ndege, na mkia wa -olli umetoka kwa oğlu ya Kituruki, yaani mwana wa. Mwaka 1922, akiwa mwanasiasa anayepanda, aliukata mkia huo akawa Zogu. Mwaka 1928 akawa mfalme Zog wa Kwanza. Kwa kalamu moja, jina jingine. Uturuki ilipitisha sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934, na mamilioni ya watu walichagua, walipewa au walibadilishiwa majina ndani ya muda mfupi. Albania ya kikomunisti ilitoa amri mwaka 1975 ya kubadilisha majina yaliyoonekana hayafai. Ongeza makarani wa kigeni. Waalbania waliovuka kwenda Italia baada ya kifo cha shujaa wao Skanderbeg mwaka 1468 walilipeleka jina la Muzaka likawa Musacchia, na Waalbania waliohama baada ya kuanguka kwa ukomunisti mwaka 1991 wamekutana na kompyuta zisizo na ë wala ç. Kila karani aliyeshindwa na herufi amezalisha jina adimu jipya bila kuzaa mtu.

Kuna na hesabu tupu. Mwaka 1874 Waingereza wawili, Francis Galton na mchungaji Henry William Watson, waliandika kuhusu kwa nini majina ya koo hufa. Hoja yao, ukiiondolea alama zake, ni rahisi: jina likipita kwa watoto wa kiume pekee, kila kizazi kinacheza kamari. Mwenye wavulana watatu ameongeza tiketi, na mwenye mabinti watupu amemaliza mchezo, hata akiwa tajiri, hodari, au mtukufu. Watson alikosea kwa kuhitimisha kwamba kila jina litakufa, na waliomfuata wakamsahihisha, lakini kiini kimebaki. Jina likianza na watu wachache, bahati tupu inatosha kulifanya adimu au kulizika. Nyumba ya Nikollë Bojaxhiu ni mfano wa darasani. Alikuwa na watoto watatu: Aga, Lazar na Gonxhe. Wasichana wawili, mvulana mmoja. Gonxhe akaondoka Skopje mwaka 1928 kwenda kuwa mtawa. Kulibeba jina mbele kukawa kazi ya Lazar peke yake.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka maabara. Mwaka 2006, Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester na wenzao walichapisha utafiti wa jozi 150 za wanaume wa Uingereza wasiojuana lakini wenye jina moja la ukoo, wakilinganisha kromosomu Y, ile anayoirithi mwana kwa baba. Waligundua kwamba kadiri jina lilivyo adimu ndivyo uwezekano wa wenye nalo kuwa na babu mmoja unavyopanda. Kina Smith hawana undugu wowote wa kutajika, wakati wenye majina ya nadra mara nyingi ni ndugu kweli. Je, si hapo uchache unageuka kuwa ushahidi?

Ni ushahidi wa jambo moja, na ni dogo kuliko linavyotangazwa. Kwanza, majina ya Kiingereza yamerithiwa kwa karne saba hivi, wakati ya miji ya Balkani mengi yaliganda karne mbili tatu zilizopita au hata karne iliyopita, na mtoto wa Bojaxhiu aliyeuza nafaka angeweza kuitwa kwa nafaka. Pili, jina la kazi huzaliwa mara nyingi mahali pengi. Bojaxhiu wa Prizren na Bojaxhiu wa Shkodër wanaweza kuwa na mapipa yanayofanana tu. Tatu, na hili ndilo hasa, hata pale ambapo kromosomu inasema “ninyi ni ndugu”, haisemi babu yenu alizungumza lugha gani jikoni. Wawili wenye jina adimu, tahajia moja na kijiji kimoja wana haki ya kushuku kwamba wanahusiana. Wakitoka hapo wakadai kwamba jina limewaonyesha taifa la babu, wameruka mto bila daraja.

Mama Teresa mwenyewe amerukiwa hivyo mara nyingi. Makedonia Kaskazini inamtaja kuwa binti wa Skopje, na ni kweli alizaliwa huko. Albania imeuita uwanja wake mkuu wa ndege Nënë Tereza. Wapo waliodai kwamba baba yake alikuwa wa jamii ya Waaromania, wale wanaozungumza lugha ya ukoo wa Kirumi katika milima ya Balkani. Jina lake la ukoo limeburutwa mahakamani na kila upande, ingawa neno lenyewe ni la Kituruki na hakuna anayedai kwamba alikuwa Mturuki. Uthibitisho wa Ualbania wake haupo kwenye boja wala kwenye xhi. Upo kwenye lugha ya nyumbani kwao na kauli yake mwenyewe kwamba kwa damu ni Mwalbania. Jina lenyewe, ukilisoma kwa makini kuanzia mwanzo, linakaa kimya hadi herufi ya mwisho, ile u ndogo inayoonyesha kwamba wakati fulani, katika mji fulani wenye soko, majirani walipomwonyeshea kidole mtu mwenye mikono ya bluu walikuwa wakizungumza Kialbania.