Unapaka rangi ekzosi nyumbani? Linda mapafu yako na mtoto wako

Kutu ikianza kuila ekzosi ya gari au pikipiki, si kila mtu hukimbilia gereji. Wengi hununua kopo la rangi ya kupuliza inayostahimili moto, msasa na brashi ya waya, kisha kazi hufanyika uani siku ya mapumziko huku watoto wakitazama. Ni kazi ya saa chache na huokoa fedha. Sikukatazi kuifanya. Ila, msomaji wangu, inaweza kumfikisha mtu hospitali, na mara nyingine mgonjwa huwa ni mtoto aliyekuwa akicheza pembeni na wala si aliyeshika kopo.

Ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, hupata joto la mamia ya nyuzi injini inapofanya kazi. Rangi ya kawaida huungua na kubanduka. Ndiyo maana hutumika rangi maalumu yenye gundi ya silikoni, na nyingi huandikwa kwenye kopo kuwa zinastahimili nyuzi joto 600 au zaidi. Ili rangi hiyo ipulizike, huchanganywa na vimiminika vinavyoruka haraka hewani, kama zailini, toluini na asetoni. Kinachoisukuma itoke mara nyingi ni gesi ya jamii ileile tunayopikia majumbani.

Kazi hii ina hatua tatu: kusafisha, kupuliza na kupasha moto. Watu wengi huhofia ile ya pili tu, kwa sababu ndiyo yenye harufu kali. Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye ya tatu.

Wakati wa kusafisha

Kukwangua kutu hurusha chembe za chuma. Chembe moja ikiingia jichoni inaweza kukwaruza kioo cha jicho, kwa hiyo vaa miwani ya kujikinga. Ikitokea imeingia, usisugue. Osha jicho kwa maji safi mengi, na kama maumivu hayaishi nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukihisi chembe imepenya ndani ya jicho, usijaribu kuitoa mwenyewe.

Wengine huondoa grisi kwa petroli. Acha kabisa. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu kwa mtu anayekutana nayo kwa muda mrefu, tena hupita hata kwenye ngozi. Isitoshe, cheche moja inatosha kuwasha moto. Tumia maji ya moto na sabuni, kisha acha chuma kikauke vizuri. Na kama gari ni la zamani sana, usipige msasa gasketi za ekzosi, kwani baadhi zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani.

Wakati wa kupuliza

Mvuke wa rangi hizi ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa kuni, bali hushuka na kutambaa chini. Chini ndiko anakokaa mtoto anayetambaa, na ndiko liliko jiko la mkaa. Wewe uliyesimama unaweza kusikia harufu kidogo tu, wakati mtoto aliyeketi sakafuni anavuta mvuke mwingi zaidi. Mvuke huohuo ukifika kwenye jiko linalowaka, unaweza kulipuka.

Dalili za kuvuta mvuke mwingi ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha na kikohozi. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua hapohapo. Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitali tunayoifahamu tangu wakati wa Uviko-19, huzuia matone na vumbi kiasi. Haizuii mvuke hata kidogo. Inayofaa ni ile ya mafundi wa rangi, yenye vichujio vya kaboni. Hata ukiwa nayo, fanya kazi mahali pa wazi penye upepo, na upepo uwe unatoka mgongoni kwako.

Wakati wa kupasha moto

Rangi hii haikomai kwa kuanikwa tu. Makopo mengi huelekeza ipashwe moto kwa awamu, kuanzia nyuzi joto mia na kitu hadi zaidi ya 300, na hapo hutoa moshi wenye harufu mbaya. Wapo wanaoingiza vipande kwenye oveni ya jikoni. Usifanye hivyo. Moshi huo utajaza nyumba, na mabaki yatabaki ndani ya oveni unayookea chakula cha familia.

Wengi zaidi hufunga ekzosi kwenye gari na kuwasha injini ili ijipashe yenyewe. Ikifanyika mahali pa wazi hakuna shida. Ikifanyika ndani ya banda la gari, hata mlango ukiwa nusu wazi, inaweza kuua. Injini hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mwili hukosa oksijeni polepole bila mtu kujua. Harufu ya rangi mpya humfanya mtu adhani kichwa kinamuuma kwa sababu ya rangi, akaendelea kukaa palepale.

Mzazi, zingatia hili. Dalili za sumu hiyo ni kichwa kuuma, uchovu, kutapika na kuchanganyikiwa, na ni rahisi kuzidhania malaria. Kama watu wawili au watatu nyumbani wameanza kuumwa hivyo wakati mmoja na injini ilikuwa inanguruma karibu, zima injini kama unaweza kuifikia salama, watoe wote nje haraka, kisha nendeni hospitali. Mwambie daktari kuhusu injini bila kusubiri kuulizwa, kwani kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati mgonjwa yuko hatarini. Tiba ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kuondoa nusu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni safi muda hupungua hadi kama saa moja na nusu.

Mjamzito asikaribie kabisa, kwa kuwa sumu hii humfikia mtoto tumboni na humdhuru kuliko mama. Mwenye ugonjwa wa moyo naye akae mbali.

Baada ya kazi

Dawa ya kupunguzia rangi iliyobaki usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Kimiminika kikirudi juu huingia kwenye mapafu na kuyachoma, na hapo ndipo hatari ilipo. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe au kopo, hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Ekzosi iliyopakwa upya hung'aa na kumvutia mtoto kuigusa, nayo hubaki na moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Maji hayo husaidia hata kama saa mbili au tatu zimepita. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, na umwahishe kituo cha afya ikiwa kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chake, kimetoa malengelenge, au kiko usoni, mkononi au mguuni.

Kabla hujafungua kopo, jiulize mambo matatu. Watoto wako wapi? Moto wa karibu uko wapi? Injini nitaiwasha wapi? Kama huna eneo la wazi mbali na mahali watu wanapolala na kupikia, mpelekee fundi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kulaza mtoto wodini.