SAUTI ZA MTO CHINI YA MAJI

Sisi wa Tura tunaijua reli. Imefuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mafuriko yalisomba tuta la reli hiyo kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za kutoka Dar es Salaam zikakatika kwa miezi kadhaa. Wengi tuliilaumu mvua. Lakini mito ya kule, kama Mkondoa na Kinyasungwe, hubeba pia mchanga na mawe mengi sana. Mkondo ukishajaa mchanga, maji hutafuta njia nyingine.

Sasa mtu atajuaje mto umebeba mchanga kiasi gani? Njia ya zamani ni kuchota maji kwa chupa, kuyakausha na kupima uzito wa kinachobaki. Ni njia nzuri, ila nani ataingia mtoni usiku wa mafuriko? Na mawe yanayobingirika chini kabisa hayaingii kwenye chupa.

Hapo ndipo sauti inaposaidia. Hewani sauti hukimbia kiasi cha mita 340 kwa sekunde, majini karibu 1,480. Mwaka 1826 Colladon na Sturm waliipima katika ziwa la Geneva: kengele iligongwa chini ya maji na baruti ikawashwa papo hapo juu ya mashua, na aliyekuwa mbali akahesabu muda tangu kuona mwako hadi kusikia kengele. Walipata mita 1,435, kwani maji yale yalikuwa ya baridi.

Jaribuni nyumbani. Tega sikio ubavuni mwa pipa lililojaa maji, mwenzako agonganishe vijiwe viwili ndani (pipa la kutawadhia mliache, tafadhali). Mto nao husikilizwa hivyo hivyo. Maikrofoni isiyoingia maji huzamishwa, ikanasa kokoto zinavyogongana. Mawe makubwa hutoa sauti nzito, madogo sauti nyembamba.

Mchanga laini na tope havina kishindo. Kwa hivyo kifaa kingine hutoa sauti ambayo sikio halisikii, kisha hungoja mwangwi. Chembe zikiwa nyingi, mwangwi hurudi na nguvu zaidi. Tena mwangwi hupanda au kushuka, kama honi ya treni inayopita stesheni bila kusimama, na kwa hilo kifaa hukokotoa mwendo wa maji.

Chupa haijastaafu, lakini. Chembe chache kubwa zaweza kurudisha mwangwi kuliko tope jingi laini, hivyo katika kila mto wapimaji huchota kwanza maji kwa chupa, wakalinganisha na kile walichosikia.