Pingili ya Jirani

Mtu apitaye alfajiri katika njia za vijijini, iwe ni Kiambu au Kakamega, Lushoto au Rungwe, hakosi kukutana na mwenziwe aliyejitwisha tita la majani mabichi, marefu kuliko yeye mwenyewe, akielekea zizini. Na majani hayo, ambayo Watanzania wengi huyaita mabingobingo au majani ya tembo, na jirani zao wa Kenya huyaita nepia, ndiyo yajazayo hori za ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani. Asili yake ni Afrika hii hii yenye joto, penye mabonde na kingo za mito, ijapokuwa jina la nepia limetokana na Kanali Napier wa Bulawayo, aliyehimiza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba yajaribiwe kuwa malisho.

Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kwa siku chakula kikavu kipatacho kilo 12, na kwa kuwa majani mabichi aghalabu ni maji sehemu nne katika tano, mfugaji amlishaye kwa majani peke yake hana budi kukata kilo 60 kila siku ya Mungu, ambazo kwa mwaka ni karibu tani 22. Hesabu hii ndiyo iliyoyapa mabingobingo enzi yake, kwani yakipandwa katika ardhi yenye rutuba, yakatiwa samadi, na kukatwa kila wiki sita hadi nane, hutoa katika kishamba kidogo malisho ambayo nyasi nyingine nyingi hutaka uwanja mpana kuyatoa. Kenya ipo njia ya kuyapanda iitwayo tumbukiza: huchimbwa shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, likajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi, na pingili zikatumbukizwa humo, hata kiangazi kikija mizizi bado ina unyevu wa kunyonya. Wala wingi peke yake si mazao. Majani yaliyoachwa hadi mabua yakawa magumu hulemea kichwa cha mbebaji, lakini protini imekwisha kupungua, na ng'ombe huyachagua-chagua na kuyabakiza.

Lakini uzuri huu una dosari yake, nayo imo katika namna mmea unavyozaliwa. Mbegu za mabingobingo ni chache na dhaifu, tena mche utokao katika mbegu haufanani barabara na mama yake. Kwa hiyo mkulima hukata pingili yenye macho matatu, akaizika kwa mshazari, macho mawili yakiwa ndani ya udongo na moja likichungulia nje. Pingili hiyo si mtoto wa mama yake, ila ni mama yuyo huyo aliyehamishwa. Na kwa desturi yetu pingili haiuzwi kwa jirani: mtu huja na panga lake, akaomba, akapewa kifurushi, na mwaka wa pili yeye naye akampa mwingine. Nimeipenda desturi hiyo tangu utotoni, wala sitamani ife. Ila matokeo yake ni kwamba shina moja lililotukuka kwa mavuno huweza kuenea wilaya nzima likawa mwili mmoja wenye udhaifu mmoja, na maradhi yakiupata udhaifu huo katika shamba moja, yameupata katika mashamba yote.

Yaliyotokea Kenya ni ushahidi ulio bayana. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1990 ulidhihirika katika mashamba ya Kiambu ugonjwa wa fugwe, uletwao na kuvu. Mmea uliopatwa huharakisha kutoa suke kabla ya wakati wake, mabua yakiwa membamba kama ya nyasi za porini. Na ukilishika suke hilo kwa vidole viwili na kulivuta, mkono hutoka umepakaa masizi meusi laini, ambayo kila chembe yake ni mbegu ya ugonjwa ingojayo upepo. Shina lililokuwa likitoa mzigo hutoa konzi, na mkato baada ya mkato hupungua hata likafa.

Huko magharibi, pande za Bungoma na Busia, mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa uliingia ugonjwa mwingine, wa kudumaa, ambao hauna masizi wala alama ya kushtua mapema. Huletwa na fitoplazma, yaani vijidudu vya jamii ya bakteria visivyo na ukuta wa seli, vinavyokaa ndani ya mirija ipitishayo chakula cha mmea. Na mwaka 2009 wataalamu waliofanya utafiti Kenya walimthibitisha mdudu mdogo mrukaji, mfyonza utomvu, kuwa ndiye avichukuaye kutoka shina hadi shina. Mkato wa kwanza huweza kuwa mzuri usiotiliwa shaka. Baada yake machipukizi hutoka mengi lakini mafupi, majani yakiwa madogo na ya manjano, yamesongamana kama ufagio, na shina halirefuki tena hata likimwagiwa samadi ya zizi zima. Kwa yule mfugaji wa tani 22, shamba likipungua nusu amepungukiwa tani 11, naye hataziona sokoni kwa bei aiwezayo.

Watafiti walifanya kazi ya kusifiwa. Waliteua aina zilizostahimili fugwe, zikaitwa Kakamega 1 na Kakamega 2. Na dhidi ya kudumaa zikatafutwa nyingine, miongoni mwazo ziitwazo Ouma na South Africa. Hapa yafaa tutulie kidogo, kwa maana wauzaji wa vipando huchanganya maneno mawili yaliyo mbali. Mmea unaokinga humzuia adui asiingie au asizaliane. Mmea unaostahimili humkaribisha, ukaishi naye, na ukaendelea kutoa majani. Wa pili humfaa mwenye shamba, lakini huweza kuwa ghala la maradhi kwa jirani mwenye aina dhaifu, kwa sababu mdudu huja kunywa kwake akatoka amebeba. Fauka ya hayo, kuvu si fitoplazma: anayeshinda fugwe hana dhamana yoyote ya kushinda kudumaa, na anayeuliza tu kama aina fulani ni ngumu kwa magonjwa, bila kutaja ugonjwa gani, hajauliza kitu.

Wako waliokimbilia nyasi nyingine, hasa brachiaria, nazo zina kisa chake. Ni nyasi za Afrika zilizovuka bahari zikaenda Brazili, na huko aina moja iitwayo Marandu, iliyotolewa mwaka 1984 na kupendwa kwa kuwa iliwashinda wadudu wafyonzao utomvu, ikapandwa mamilioni ya hekta, hata ilipofika penye ardhi ituamayo maji pande za Amazoni ikaanza kufa malisho kwa malisho. Aina za mseto zilizozalishwa Kolombia, kama Mulato II, zimerudi kwetu na kupokewa vizuri, kwani hustahimili ukame. Lakini hapa Afrika Mashariki zimekuta adui, utitiri mwekundu. Sisemi haya kumkatisha mtu tamaa ya kuzipanda. Nasema azipande pamoja na mabingobingo ya aina mbili au tatu, kila moja kipande chake, ili ugonjwa ukija umkute bado ana cha kukata.

Na anayekwenda kuomba pingili kwa jirani asiende shamba likiwa limesimama refu na la kijani, maana wakati huo shina gonjwa na shina zima hufanana. Asubiri jirani akate, zipite wiki nne au tano, kisha arudi atembee safu kwa safu akitazama machipukizi. Penye shina lililodumaa amwambie mwenyewe waziwazi, walichimbue wote wawili na mizizi yake, walichome. Na pingili zake akazikate upande wa pili wa shamba.